Hesabu ya Vichwa na Ekari



Mwezi Mei mwaka 2020, Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitoa orodha ya viwango vya fidia. Nguruwe aliye bandani, dola 17. Ng'ombe wa kawaida aliye malishoni, dola 33. Ng'ombe aliyenoneshwa akauzwa machinjioni kati ya tarehe 15 Januari na 15 Aprili, dola 214. Mahindi, senti 32 kwa busheli kutoka fungu moja la fedha na senti 35 kutoka fungu la pili. Soya, senti 45 na senti 50. Maziwa yalikuwa na kiwango chake, na pamba, na sufu. Orodha hiyo ndiyo iliyokuwa moyo wa mpango wa kuwanusuru wakulima wa Marekani na hasara ya korona. Leo naomba tuisome polepole, maana ndani yake mna jambo ambalo magazeti mengi yalilipita haraka: serikali ilipoamua kuhesabu vichwa vya mifugo na busheli za nafaka, iliamua pia ni mkulima gani ataonekana na ni nani hataonekana.

Kwanza tukumbuke yaliyotokea. Machi ile mikahawa, shule na hoteli zilifungwa kwa siku chache tu, na chakula kilichokuwa kikienda huko kikakosa pa kwenda. Viwanda vilivyofungasha maziwa ya vipakiti vya wanafunzi havikuweza kugeuka mara moja vikafungasha magaloni ya madukani. Ushirika mkubwa wa wafugaji, Dairy Farmers of America, ulikadiria kwamba maziwa yaliyokuwa yakimwagwa yangeweza kufika galoni milioni 3.7 kwa siku. Kisha ugonjwa ukaingia machinjioni. Tarehe 12 Aprili kampuni ya Smithfield ilitangaza kufunga kiwanda chake cha Sioux Falls, South Dakota. Tarehe 20 ikawa JBS kule Worthington, Minnesota. Tarehe 22 ikawa Tyson kule Waterloo, Iowa. Mwishoni mwa mwezi uwezo wa Marekani wa kuchinja nguruwe ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 40.

Kwa asiyefuga, kiwanda kikifungwa wiki tatu mifugo itasubiri wiki tatu. Nguruwe wa mabanda ya kisasa hasubiri. Akifika miezi sita ana uzito wa kilo 125 hivi, na nyuma yake wameshazaliwa wengine wanaohitaji banda lilelile. Kila siku anayokaa anakula chakula cha fedha na anazidi unene ambao mitambo ya machinjio imepimiwa. Kwa hiyo wafugaji wa Iowa na Minnesota walilazimika kuwaua nguruwe wazima, wenye afya, na kuwafukia au kuwageuza mboji. Katika Kaunti ya Sioux, kaskazini-magharibi mwa Iowa, wanaishi watu wapatao 35,000 na nguruwe zaidi ya milioni moja. Pima mwenyewe uzito wa wiki zile juu ya mahali kama hapo, ambako duka, benki, fundi wa trekta na hata sadaka ya kanisani hutegemea mnyama huyo mmoja.

Serikali haikukaa kimya, na lazima niliseme hili kwa haki kabla sijaanza kulaumu. Tarehe 27 Machi rais alitia saini sheria kubwa ya nafuu ya uchumi iitwayo CARES. Tarehe 17 Aprili waziri wa kilimo wa wakati huo, Sonny Perdue, alitangaza mpango wa dola bilioni 19, na bilioni 16 kati ya hizo zilikuwa malipo ya moja kwa moja kwa wakulima. Maombi yalifunguliwa tarehe 26 Mei. Aliyekubaliwa alilipwa asilimia 80 kwanza, salio likafuata. Fedha zilifika kwa kasi ambayo serikali nyingi duniani haziiwezi, na nina hakika kuna mashamba yanayolimwa leo ambayo bila hundi ile yangepigwa mnada.

Sasa twende Mississippi, kaunti ya Holmes.

Holmes ina watu 17,000 kwa sensa ya 2020, na zaidi ya wanane katika kila kumi ni Wamarekani Weusi. Upande wake wa magharibi ni tambarare ya Delta, udongo mweusi wenye rutuba, mashamba makubwa ya soya, mahindi na pamba yanayofika upeo wa macho. Upande wa mashariki ni vilima, mashamba madogo, ng'ombe wachache, bustani za mboga. Ni miongoni mwa kaunti maskini kabisa za Marekani. Ninaichagua kwa sababu ya historia ya mahali pamoja ndani yake, panapoitwa Mileston.

Wakati wa Rais Franklin Roosevelt, kuelekea mwanzo wa miaka ya 1940, serikali kuu ilinunua mashamba ya mabwanyenye pale Mileston, ikayakata vipande na kuyauza kwa mkopo nafuu kwa familia za watu Weusi zaidi ya 100 ambazo hadi hapo zilikuwa zikilima ardhi ya wengine kwa mgao wa mavuno. Serikali haikuishia kwenye ardhi. Ilijenga nyumba, shule na kituo cha kuchambulia pamba, ikasaidia kuanzisha ushirika. Watu wale walilipa madeni yao wakawa wenye mashamba. Na angalia kilichozaliwa na umiliki huo. Tarehe 9 Aprili 1963, watu 14, wengi wao wakulima wa Mileston, walikwenda pamoja hadi mahakama ya mji wa Lexington kudai kuandikishwa kupiga kura. Mmoja wao, Hartman Turnbow, nyumba yake ilirushiwa mabomu ya moto mwezi uliofuata. Mpangaji angefukuzwa shambani siku hiyohiyo. Turnbow hakuwa mpangaji. Mwaka 1967 kaunti hiyo ilimchagua mwalimu Robert Clark kuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuingia bunge la jimbo la Mississippi tangu karne ya kumi na tisa.

Nayasimulia haya kwa sababu yanaonyesha kwamba serikali ya Marekani iliwahi kujua namna ya kumfikia mkulima mdogo Mweusi wa Holmes. Ilimwendea. Haikumngoja aje na makaratasi yaliyokamilika.

Mwaka 2020 ilimngoja. Mlango wa kupitia ulikuwa ofisi ya kaunti ya Wakala wa Huduma za Mashamba, ulio chini ya Wizara ya Kilimo. Ofisi zilikuwa zimefungiwa wageni kwa sababu ya ugonjwa, kazi ikifanyika kwa simu, barua pepe na kwa miadi. Mkulima ambaye miaka yote amekuwa akipokea ruzuku alishakuwa na jalada pale: namba ya shamba, akaunti ya benki, uthibitisho wa kipato, uthibitisho kwamba hajaharibu ardhi oevu wala kulima miteremko inayomomonyoka bila mpango. Yeye alijaza fomu moja ya ziada. Ambaye hakuwamo alianza na rundo zima. Na katika Kusini ya Marekani wako wengi wanaolima ardhi ya babu ambaye hakuacha wosia, ardhi yenye warithi 20 waliotawanyika Chicago, Detroit na Memphis, hivyo hata swali jepesi la shamba hili ni la nani huhitaji wakili.

Tena kuna sababu ya watu kutoisogelea ofisi ile. Kwa miongo mingi kamati za kaunti zilizokuwa zikiamua nani apate mkopo wa serikali na kwa wakati gani zilishikwa na wakulima Weupe. Mkopo wa mbegu wa mkulima Mweusi ulicheleweshwa hadi msimu ukapita, au ukakataliwa, na shamba likaenda. Mwaka 1920 mashamba yaliyoendeshwa na watu Weusi yalikuwa zaidi ya 900,000 nchini Marekani. Sensa ya kilimo ya 2017 ilikuta yapatayo 35,000. Kesi ya Pigford, ya wakulima Weusi dhidi ya wizara, iliyofikia suluhu mwaka 1999, ililipa fidia ya zaidi ya dola bilioni 1 kwa ubaguzi huo. Lakini fidia haikurudisha ekari zilizopotea, na haikufuta mazoea ya mzee aliyekwisha kujifunza kwamba ofisi ile si yake.

Basi turudi kwenye orodha. Soya ilikuwamo tangu siku ya kwanza. Pamba ilikuwamo. Mahindi yalikuwamo. Lakini tazama mkulima mdogo wa Kusini analima nini bustanini: majani ya jamii ya sukuma wiki, majani ya haradali, majani ya tanipu, bamia. Hayo ndiyo mazao yanayouzwa Jumamosi sokoni, kanisani, kando ya barabara kuu. Orodha ya Mei haikuyataja. Yaliongezwa tarehe 9 Julai, zaidi ya wiki sita baada ya dirisha la maombi kufunguliwa. Bila shaka hakuna ofisa aliyekaa mezani Washington akasema tumnyime mlima bamia. Orodha ilitengenezwa kutokana na mazao ambayo wizara ilikuwa na takwimu za bei zake, na takwimu za bei hukusanywa pale penye biashara kubwa. Aliyesahauliwa na takwimu akasahauliwa na msaada, na wiki sita kwa mtu mwenye ekari tatu na mkopo wa mbegu ni muda wa kumaliza msimu wake.

Sasa hesabu. Mfugaji mwenye banda la nguruwe 2,400 walio mali yake, kwa dola 17, anapata dola 40,800. Mfugaji wa vilima vya Holmes mwenye ng'ombe 15 malishoni, kwa dola 33, anapata dola 495. Ukomo wa malipo kwa mtu mmoja uliwekwa dola 250,000, na kampuni yenye wanahisa watatu wanaofanya kazi shambani ingeweza kufika 750,000. Hakuna aliyeiba hapo. Kila mmoja kalipwa kwa mujibu wa sheria.

Iko hoja nzito ya upande wa pili, na sitaki kuipita. Mkulima wa Sioux anaweza kuniambia: aliyepoteza nguruwe 2,400 amepoteza zaidi ya aliyepoteza ng'ombe 15, ana madeni makubwa zaidi, na akifilisika anaanguka na wengi, kwa nini asilipwe zaidi? Ni kweli, na kama lengo lilikuwa kurudisha hasara ya bei, kipimo cha vichwa na busheli ni kipimo cha haki. Ninachokikataa ni hilo lengo lenyewe. Fedha zilitolewa kwa jina la kuokoa mashamba yasife, na shamba haliokolewi kwa kulipwa kwa kila kichwa. Familia yenye ng'ombe 15 inaweza kuokolewa na dola 5,000. Haiwezi kuokolewa na 495. Fungu dogo la kudumu kwa kila shamba linalofanya kazi, lenye nyongeza inayopungua kadiri shamba linavyozidi ukubwa, lingeweza kulipiwa na sehemu tu ya kilichotumika.

Na hata hoja ya hasara ilichoka kadiri mwaka ulivyokwenda. China ilirudi sokoni, bei za nafaka zikapanda tangu mwisho wa kiangazi, na mapato halisi ya kilimo ya Marekani kwa mwaka 2020 yakawa makubwa kuliko ya 2019. Malipo ya serikali kwa mashamba mwaka huo, mipango yote ikijumlishwa, yalipita dola bilioni 45, kiwango ambacho hakikuwa kimefikiwa kabla. Awamu ya pili ya fidia ilikuja Septemba, hadi dola bilioni 14. Awamu hiyo ilikuwa na busara zaidi kwa wakulima wa mboga, kwani waliruhusiwa kuhesabiwa kwa mauzo yao ya 2019: asilimia 10.6 ya dola 50,000 za kwanza. Aliyeuza mboga na bamia za dola 12,000 angepata dola 1,272. Hilo ni jambo jema, na linathibitisha kwamba kipimo kingine kiliwezekana.

Lakini Machi 2021, chini ya serikali mpya, wizara iliongeza dola 20 kwa kila ekari ya mahindi, soya, pamba na mazao mengine ya aina hiyo, kwa waliokwisha kulipwa. Hawakutakiwa hata kuomba. Mwenye ekari 3,000 aliona dola 60,000 zikiingia benki wakati busheli ya mahindi imepita dola 5. Hapo mimi siwezi tena kusema neno nafuu. Ilikuwa zawadi iliyofuata majina yaliyomo kwenye daftari, kwa sababu majina hayo ndiyo yaliyokuwa rahisi kuyapata.

Wapo pia waliokosa katikati ya wingi. Huko Kusini mfugaji wa kuku mara nyingi hana kuku. Kampuni humletea vifaranga, chakula na dawa. Yeye anakopa mamia ya maelfu ya dola kujenga mabanda, anawatunza, na analipwa kwa uzito. Kampuni ilipopunguza vifaranga mwaka 2020, mabanda yalikaa matupu na riba ikaendelea. Mpango wa kwanza ulimkataa kwa kuwa kuku si wake. Bunge lililazimika kuagiza katika sheria ya Desemba 2020 kwamba atafutiwe fungu lake, na kanuni za kumlipa zilitoka Agosti 2021.

Mwezi Machi 2021 waziri mpya wa kilimo, Tom Vilsack, alitoa takwimu moja kwa gazeti la Washington Post. Kati ya karibu dola bilioni 26 zilizolipwa katika awamu mbili, wakulima Weusi walipata dola milioni 20.8. Ni sehemu moja katika elfu, na hata hiyo haikutimia kamili. Nimezirudia hesabu hizo nikidhani sufuri imepotea mahali. Haikupotea.

Bunge lilijaribu kusahihisha. Sheria ya Machi 2021 ilitenga dola bilioni 4 hivi kufuta madeni ya serikali ya wakulima wa jamii zilizobaguliwa. Wakulima Weupe wakaenda mahakamani katika majimbo kadhaa wakidai kwamba wao ndio wanaobaguliwa, na kabla ya Juni kwisha majaji wa Wisconsin na Florida walikuwa wamesimamisha malipo. Watu waliokwisha kupokea barua kwamba deni lao litafutwa, na pengine wakaagiza mbegu au kutengeneza trekta kwa imani hiyo, walibaki na barua mkononi. Agosti 2022 kifungu hicho kiliondolewa kikabadilishwa na fungu la dola bilioni 2.2 kwa yeyote atakayethibitisha kwamba alibaguliwa na wizara katika mikopo. Malipo yalitangazwa tarehe 31 Julai 2024: watu zaidi ya 43,000, walio wengi zaidi wakiwa Mississippi na Alabama. Kutoka hundi za kwanza za Sioux mwaka 2020 hadi hapo ni miaka minne. Mkulima wa miaka 70 hana miaka minne ya kungoja.

Kabla sijafika mwisho, kuna watu wengine ambao sitaki tuwaache, na hawa baadhi yao wangeweza kuwa wanatusikiliza usiku huu. Kiwanda cha Waterloo nilichokitaja kilikuwa na wafanyakazi wapatao 2,800, na miongoni mwao walikuwamo Wakongo waliofika Iowa kama wakimbizi, wanaozungumza Kilingala, Kifaransa na Kiswahili. Walisimama bega kwa bega wakikata nyama wakati virusi vikizunguka. Mwezi Mei idara ya afya ya kaunti yao, Black Hawk, ilisema zaidi ya wafanyakazi 1,000 wa kiwanda kile walikuwa wamepata maambukizi. Wafanyakazi kadhaa walifariki. Tarehe 28 Aprili rais alikuwa ametoa amri ya kutaka machinjio yaendelee kufanya kazi. Kwa mwenye nguruwe, kiwanda kikifungwa kulikuwa na fidia. Kwa mkata nyama, kiwanda kikifunguliwa kulikuwa na hatari, na Wizara ya Kilimo haikuweka fungu mezani kwa ajili yake hadi Septemba 2021, ilipotangaza msaada kwa wafanyakazi wa mashamba na viwanda vya nyama. Kiasi kilikuwa hadi dola 600 kwa mtu, kwa mara moja, hasa kupitia mashirika yasiyo ya kiserikali.

Ukomo wa mkulima mmoja ulikuwa dola 250,000. Wa mfanyakazi, 600. Watu wote hawa wako kwenye mnyororo mmoja wa chakula, na wizara ni ileile.

Nasema haya leo, miaka kadhaa baadaye, kwa sababu kipimo hakijabadilika. Machi 2025 wizara ilianza kugawa hadi dola bilioni 10 za dharura kwa hasara ya msimu wa 2024. Mahindi, dola 42.91 kwa ekari. Soya, dola 29.76. Pamba, dola 84.74. Waliokuwa wameripoti ekari zao mwaka uliotangulia walitumiwa fomu zikiwa zimekwisha kujazwa, zikingoja sahihi tu. Mboga hazikuwamo katika mpango huo. Ofisa wa kaunti anaweza kufanya kinyume kesho asubuhi bila kungoja sheria mpya: achukue gari, apande vilima vya Holmes, aingie Mileston, na aandikishe mashamba yaliyo nje ya daftari kabla dharura nyingine haijafika. Roosevelt aliwapata watu wale wakati barabara zilikuwa za vumbi na simu hakuna.